Kutoka Mbio za Nyika Hadi Skii za Nyika: Mwongozo wa Mkimbiaji wa Kwetu

Kondakta wa matatu ya Njoro aliutazama mfuko wangu mrefu, akaugonga kwa kidole kama mtu anayepima tikitimaji, akauliza, "Kaka, hizi ni fito za pazia?"

"Ni skii."

"Skii na hapa hakuna ziwa?"

Nikamweleza ni vibao vya kutelezea juu ya theluji. Akacheka mpaka abiria wakageuka, kisha akanitoza nauli mbili, moja yangu na moja ya mfuko. Hiyo ndiyo gharama ya kwanza utakayolipa katika mchezo huu, na naitaja mapema usije ukasema hukuambiwa.

Haya nayaandika kwa mkimbiaji wa Nakuru, Molo, Eldoret, hata Kisumu, ambaye amemaliza wa arobaini uwanjani Afraha mara za kutosha na sasa anawaza kujaribu mashindano ya kimataifa ya skii za nyika. Mchezo wenyewe ni ndugu wa mbio za nyika: unapanda, unashuka, kifua kinawaka, saa haikuhurumii. Na pumzi tunayo. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Skii na Ubao wa Theluji, FIS, kwa kawaida haziruhusu njia ya mashindano makubwa ivuke mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Nakuru uko kwenye mita kama 1,850, na Molo iko juu zaidi. Kwa hiyo ni nadra mbio rasmi zimpeleke mtu wa Nakuru juu kuliko kitanda chake. Wanaotuangusha ni wawili wengine: kuteleza kwa mguu mmoja, na makaratasi.

Njia hii si mpya. Philip Boit wa Eldoret, mkimbiaji wa mita 800, alipelekwa Ufini mwaka 1996 akajifunze skii kuanzia sifuri, yeye na Henry Bitok. Februari 1998 alishindana Nagano, Japani, kilomita 10 mtindo wa klasiki, yaani skii zote mbili zikienda sambamba katika mifuo iliyochimbwa kwenye theluji, akawa Mkenya wa kwanza katika Olimpiki ya majira ya baridi. Alimaliza wa 92, wa mwisho, dakika ishirini nyuma ya mshindi. Mshindi huyo, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alimsubiri mstarini amkumbatie, na Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Hadithi hii watu huipenda kwa lile kumbatio. Mimi huipenda kwa ajili ya ile miaka miwili. Mtu aliyekuwa na mapafu ya mita 800 za kimataifa alihitaji miaka miwili ya theluji ya Ufini ili amalize kilomita 10 wa mwisho. Panga ratiba yako ukijua hilo.

Hatua ya 1: Anza na karatasi, kabla ya kununua chochote

Huwezi kujiandikisha mwenyewe katika mbio za FIS hata ukiwa na pesa na miguu. Anayekuandikisha ni chama cha taifa cha michezo ya theluji kinachotambuliwa na FIS. Kinakuombea namba yako ya mwanamichezo, wewe unatia sahihi tamko la mwanamichezo, halafu kwa kila mbio ni chama kinachotuma jina lako kwa waandaaji. Bila ile namba, hata ukikimbia ukawashinda wote, hakuna pointi.

Basi tafuta viongozi wa chama mapema, mwaka mzima kabla kama unaweza. Nenda na matokeo yako ya riadha, pasipoti yenye uhai wa kutosha, na mpango wa ukurasa mmoja: utajifunzia wapi, na nani, kwa pesa za nani. Kiongozi mmoja aliniweka kwenye benchi miezi mitatu kwa neno "njoo wiki ijayo". Wiki niliyokwenda na mpango ulioandikwa, na barua ya kocha wa nje aliyekubali kunipokea, mambo yalisogea siku ile ile.

Papo hapo ingia katika utaratibu wa kupambana na dawa haramu. Wakala wa Kenya, ADAK, hutoa mafunzo, na sheria ni zile zile unazozijua riadhani. Jambo moja ni la baridi hasa: hewa kavu yenye baridi kali huwafanya wengi wapige filimbi kifuani, na daktari atakuandikia dawa ya kuvuta ya pumu. Dawa hizo baadhi zina kipimo cha mwisho kwa siku, nyingine zinahitaji kibali. Uliza kabla ya kuvuta.

Hatua ya 2: Vifaa, na ubahili unaofaa

Usinunue skii za theluji kwanza. Nunua rola-skii, yaani skii fupi zenye magurudumu mawili ya kukimbilia lami, pamoja na viatu na fimbo. Za mtumba kutoka Ulaya zinatosha kabisa. Angalia mambo haya: vibanio vya rola-skii vioane na soli za viatu vyako, maana aina ni zaidi ya moja na haziingiliani zote, na kama ni za klasiki, gurudumu moja liwe na kizuizi kinacholizuia kurudi nyuma, ndicho kinachokuwezesha kupiga teke kupanda mlima.

Fimbo zina sheria. Katika klasiki fimbo isizidi asilimia 83 ya urefu wako ukiwa umevaa viatu vya skii. Mtu wa sentimita 175 na viatu vyake anapata fimbo ya kama sentimita 145. Katika mtindo huru, ule wa kupiga mbawa kama mtu anayeteleza kwa viatu vya magurudumu, fimbo isizidi urefu wako. Skii zenyewe zisiwe fupi kuliko urefu wako ukitoa sentimita 10. Hupimwa kweli. Usidhani ni mapambo ya kanuni.

Utakapofika wakati wa skii za theluji, kuna kipimo kimoja cha klasiki ambacho muuzaji mvivu hatakufanyia, nawe unaweza kukifanya sebuleni. Skii ya klasiki imejikunja katikati kama upinde. Ziweke mbili sakafuni palipo sawa, simama juu yake uzito ukigawanyika sawa, mwombe mtu apitishe karatasi chini ya skii hapo unyayo ulipo. Karatasi iteleze bila kukwama. Sasa hamishia uzito wote kwenye mguu mmoja: karatasi ibanwe kabisa, isivutike. Isipoteleza ukiwa kwa miguu miwili, skii ni laini kwako, itakukokota mbio nzima. Isipobanwa ukiwa kwa mguu mmoja, ni ngumu kwako, nayo mlimani utarudi nyuma kama ng'ombe kwenye tope. Watu hutafuta rangi na jina la kampuni. Wewe tafuta karatasi.

Hatua ya 3: Lami ya kwetu

Hapa ndipo utakaa muda mrefu kuliko pote.

Rola-skii za kawaida hazina breki. Rudia sentensi hiyo. Kwa sababu hiyo miezi ya kwanza chagua kipande cha kupanda tu, kisha ukifika juu vua, zitie begani, shuka kwa miguu. Mimi nilitumia vipande vya barabara ya Njoro kuelekea Elburgon, Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, kabla malori ya viazi hayajaanza kuteremka. Barabara kuu ya Nairobi usiikanyage hata kwa dau. Vaa helmeti, glovu, na jaketi la kuakisi mwanga, na uwe na mwenzako kwenye bodaboda nyuma yako mwenye taa za kuonya zinazowaka. Adui mkubwa kuliko gari ni kokoto: jiwe dogo kama punje ya mahindi hulikamata gurudumu, skii inasimama, wewe unaendelea. Kovu la kiwiko changu cha kushoto ni la punje moja tu.

Ncha za fimbo za lami ni za chuma kigumu sana na lazima zinolewe kila wiki. Butu inateleza, bega linaumia, na wewe unadhani ni udhaifu wako.

Cha kujifunza ni kimoja, na kitakukera. Mkimbiaji amezoea mguu ukigusa chini aondoke haraka. Skii inataka kinyume chake: ukae juu ya mguu mmoja, utulie, uuache uende. Kocha wangu alikuwa na kipimo cha mstari: pua, goti na kidole gumba cha mguu vyote viwe kwenye mstari mmoja wima juu ya skii inayoteleza. Weka fimbo kando kabisa, fanya dakika ishirini bila fimbo, hesabu "moja, mbili, tatu" kabla ya kubadilisha mguu. Siku utakayofika tatu bila mikono kupepea kama kuku anayefukuzwa, umeanza.

Kisha mikono. Sisi tuna miguu ya swala na mikono ya kalamu, lakini katika skii za leo sehemu kubwa ya tambarare husukumwa kwa fimbo mbili kwa pamoja: unainuka, unaangukia fimbo kwa tumbo, unazisukuma mpaka zipite nyonga. Kujivuta kwenye mwamba wa goli la shule kunasaidia. Kinachosaidia zaidi, na sikutegemea, ni jembe. Kupanda juu, kukunja tumbo, kushusha mzigo wa mwili kwenye mpini: ni mwendo ule ule. Nililima robo ekari ya mama msimu wa mvua, na muda wangu wa kusukuma kwa fimbo ukapungua. Mama hakuona ajabu yoyote. Aliniambia tu nisiache mistari imepinda.

Hatua ya 4: Theluji ya kwanza

Mwezi Septemba 2008 mvua ya mawe ilifunika mlima mzima karibu na Nyahururu, watu wakatoka kuishika wakiamini ni theluji. Ukiacha kilele cha Mlima Kenya, hiyo ndiyo karibu zaidi tutakayofika bila ndege.

Nenda mapema, uende mahali penye uhakika. Vuokatti nchini Ufini na Torsby nchini Uswidi kuna mahandaki ya skii yenye theluji hata kiangazi. Oberhof, Ujerumani, kuna ukumbi wake. Ukitaka majira yetu ya Agosti, Australia, Nyuzilandi na ncha ya kusini ya Argentina wana baridi wakati huo. Usipange theluji yako ya kwanza na mbio zako za kwanza katika wiki moja. Adrián Solano wa Venezuela alifika mashindano ya dunia ya Lahti mwaka 2017 akiwa amejifunzia magurudumu tu; video za kuanguka kwake zilizunguka dunia nzima. Watu walimcheka, mimi siwezi. Januari ile ile alikuwa njiani kwenda Uswidi kufanya mazoezi, maofisa wa Paris wakamrudisha kwao wasiamini kwamba Mvenezuela anasafiri kwa ajili ya skii. Theluji aliikosa kwa sababu ya karatasi. Nitarudi hapo.

Wiki mbili za kwanza jifunze kushuka kuliko kupanda. Kupanda utajua. Kushuka kona yenye barafu saa ambayo mapaja yamekwisha ndiko kunakovunja mifupa. Jifunze kutia skii umbo la mshale ili upunguze kasi, jifunze kupiga hatua ndogondogo kwenye kona, na jifunze kuanguka: kaa pembeni, fimbo nyuma, usiweke mkono mbele.

Hatua ya 5: Nta

Kuna nta ya kutelezea, inayopakwa kwa pasi kwenye ncha na mkia wa skii, na katika klasiki kuna nta ya kukamata, inayopakwa katikati, chini ya unyayo, pale karatasi ilipobanwa. Baridi ikizidi, nta iwe ngumu. Theluji ikikaribia kuyeyuka au ikiwa imeganda upya kuwa barafu, inatumika klista, kitu kinachonata kama ulimbo wa kutegea ndege, nacho kitafika kwenye nywele zako, simu yako na chai yako. Ukiwa mgeni chukua skii zenye kitambaa cha manyoya katikati, hazihitaji nta ya kukamata, na zinasamehe.

Onyo la mtu wa mtumba: tangu msimu wa 2023–24 FIS imepiga marufuku kabisa nta zenye florini, na skii hupimwa kwa mashine. Skii kuukuu ya mtu inaweza kuwa na mabaki yake, ukaondolewa mbioni kwa dhambi ya mmiliki wa zamani. Zisafishe mara kadhaa, ukwangue na kupaka upya, na omba mtu mwenye mashine azipime kabla.

Hatua ya 6: Chagua mbio kwa hesabu

Usiwaze Kombe la Dunia. Ngazi ni hizi: mbio za kawaida za FIS, kisha mashindano ya dunia, ambako wenye pointi mbaya hukimbia mbio za mchujo kwanza, kisha Olimpiki.

Pointi za FIS zikiwa chache ndivyo bora. Kwa mbio za kuondoka mmoja mmoja hesabu ni hii: gawanya muda wako kwa muda wa mshindi, toa moja, zidisha kwa 800, halafu ongeza nyongeza ya mbio, ambayo hutegemea ubora wa waliotangulia. Mshindi akitumia dakika 25 nawe 33, unapata 1.32, toa moja, zidisha, ni 256. Nyongeza ikiwa 40, una 296. Kwa Olimpiki ya Beijing 2022 nchi ndogo ilihitaji mwanamichezo mwenye wastani usiozidi 300 katika mbio za masafa, kutoka mbio tano. Masharti hubadilika kila Olimpiki, soma ya ile unayoilenga. Lakini ona hesabu inavyokufundisha: dakika nane nyuma ya mshindi bado umo. Dakika tisa umetoka. Kuanguka mara tatu ni dakika moja.

Mbio za kuondoka wote pamoja huzidishwa kwa namba kubwa zaidi, kwa hiyo mgeni aanze na za mmoja mmoja. Kilomita 10 za mtindo huru ndizo ningekupa wewe, kwa kuwa nta yake ni rahisi na fimbo mbili zitakubeba.

Hatua ya 7: Viza

Omba mapema viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya; maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na siku 15 kabla ndio mwisho. Ada ya mtu mzima ni yuro 90. Bima ya safari iwe ya angalau yuro 30,000. Ongeza barua ya mwaliko ya waandaaji, barua ya chama, nakala ya namba yako ya FIS, malazi yaliyolipwa, na taarifa ya benki isiyo na muujiza wa wiki iliyopita. Hizi zote zichapishe, uzibebe mkononi, zisiwe ndani ya mzigo. Ofisa wa mpakani akikuona wewe, pasipoti ya Kenya na mfuko wa mita mbili, atauliza swali lile lile la kondakta, tofauti ni kwamba yeye hatacheka. Mkumbuke Solano.

Skii zifunge kwa nguo zako, viatu vya skii viingie kwenye begi la mkononi. Skii utaazima. Viatu vya saizi yako hutaazima.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Jioni ya kuamkia mbio kuna mkutano wa viongozi wa timu. Kama uko peke yako, wewe ndiwe kiongozi wa timu: nenda, kaa nyuma, andika. Hapo hutangazwa njia, mabadiliko na hali ya hewa. Ikiwa sehemu ya baridi zaidi ya njia iko chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri, mbio huahirishwa au kufutwa. Kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri mtakimbia, na pua itaganda, hivyo funika mdomo kwa kitambaa wakati wa kupasha mwili moto na vaa tabaka jembamba mbili badala ya moja nene.

Pita njia yote kwa skii asubuhi, angalia kona za kushuka, chagua mstari. Mpe mtu fimbo ya akiba asimame juu ya mlima mrefu; fimbo ikivunjika unaruhusiwa kupokea nyingine, lakini skii kwa kawaida hubadilishi mpaka yenyewe au kibanio chake kiwe kimevunjika au kuharibika. Kwenye lango la kuanzia lenye vipimo vya elektroni una dirisha la sekunde tatu kabla na tatu baada ya saa yako. Nenda kwenye alama. Ukiwahi zaidi ya hapo ni kosa, ukichelewa saa imekwishaanza bila wewe.

Kilomita mbili za kwanza zuia moyo wako. Utasikia mapafu yanasema mbona rahisi, ni hewa nzito ya chini hiyo, inakudanganya; mikono itakwisha kabla ya mapafu. Nyuma yako atatokea mtu akipiga kelele "Latua!" Hiyo ni Kifini, maana yake nipe njia. Usigeuke kuangalia. Toka mfuoni, mwache apite, kisha jishike nyuma yake sekunde kumi uone anavyopanda. Katika mbio zangu za kwanza, kaskazini ya Ufini, nilipitwa na mzee mwenye ndevu zilizoganda, akanitazama pembeni akasema kitu ambacho sikukielewa. Baadaye niliambiwa alikuwa ananiambia nilegeze vidole. Nilikuwa nimezishika fimbo kama mtu aliyeshika kamba ya ndama.

Ukivuka mstari usilale chini. Vaa jaketi kavu kwanza, kunywa kitu cha moto, halafu anguka. Angalia matokeo kwa jina lako na namba yako, kwa sababu makosa ya tahajia ya majina yetu ni ya kawaida na ni rahisi kurekebishwa siku ile ile, vigumu baada ya wiki. Rudisha namba ya kifuani, na zile chipu mbili zilizofungwa vifundoni. Chipu isiporudi, utatozwa. Moja yangu niliikuta ndani ya soksi nikiwa tayari uwanja wa ndege wa Helsinki, na gharama ya kuirudisha kwa posta ilikuwa zaidi ya nauli mbili za Njoro.